Safari ya Pwani na Majira Yake
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Madale



Halmashauri imeniagiza niseme habari za safari ya chama tuliyoifanya kutoka hapa Madale kwenda Bagamoyo na Saadani mwezi wa Machi, mwaka 2024. Nashukuru kwa heshima hiyo. Walakini sikusudii kuisimulia safari hatua kwa hatua, maana wengi wenu mlikuwamo, na aliyekuwamo hana haja ya kusimuliwa. Nakusudia kulitazama jambo moja tu, nalo ni hili: katika pwani yetu siku ya kusafiri haichaguliwi kwa kalenda ya ofisi peke yake. Huchaguliwa kwanza kwa majira ya mvua na pepo.

Mwezi ujao halmashauri itapanga safari nyingine na kuanza kupokea michango. Wako wanaotaka twende wakati wa Pasaka, kwa sababu ofisi hufungwa siku nne mfululizo. Nasimama kulipinga shauri hilo, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga kura.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini safari yenyewe ni jambo la maana. Wako wasemao kwamba kwenda kutazama wanyama ni anasa ya wageni wenye fedha. Sivyo. Chama cha kwanza cha watumishi wa serikali Waafrika katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekuwa mbele katika kazi hiyo, karani Martin Kayamba, alikuwa msafiri. Mwaka 1931 alifika hata London. Wazee wale walijua kwamba karani hukaa mezani miaka mingi akiandika majina ya mito asiyopata kuivuka na ya wanyama asiopata kuwaona. Kazi ya mtu wa namna hiyo hukauka. Basi safari ni sehemu ya elimu yetu, na ndiyo sababu yatupasa kuipanga kwa akili.

Sasa tutazame majira. Wazee wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo. Tangu Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, upepo ulioyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Tangu Aprili au Mei mpaka Septemba huvuma kusi, upepo uliowarudisha mabaharia kwao. Kati ya pepo hizo mbili kuna siku za maleleji, pepo zinapogeuka, na baharia mwenye busara hakutweka tanga siku hizo bila ya kutazama mbingu mara mbili.

Mvua nazo zina sababu yake. Jua huonekana likienda kusini na kurudi kaskazini kila mwaka, na mkanda wa mawingu hulifuata. Mkanda huo hutupitia mara mbili: unapokwenda kusini hutuletea vuli, tangu Oktoba mpaka Desemba, unaporudi kaskazini hutuletea masika, tangu Machi mpaka Mei. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Baada yake huja kipupwe, wakati wa ubaridi na ukavu, tangu Juni na kuendelea.

Sasa itazameni Pasaka. Kwa hesabu ya kanisa, Pasaka haiwezi kuangukia kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili. Maana yake ni kwamba kila mwaka huangukia ndani ya masika. Ofisi zitakuwa zimefungwa siku hizo, kweli, lakini yamkini njia nazo zitakuwa zimefungwa.

Hata mwanzo wa masika hautaki mchezo, na safari yetu ni ushahidi. Tuliondoka Madale Jumamosi tarehe 2 Machi, saa kumi na moja alfajiri, watu 23 katika motokaa moja ya kukodi. Tulishuka Tegeta, tukashika barabara ya Bagamoyo, tukapita Bunju, tukauvuka mto Mpiji ulio mpaka wa Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Mbingu ilikuwa safi na joto lilikuwa kali. Dereva wetu, mtu wa makamo, aliitazama minazi iliyosimama bila kutikisika, akasema, “Upepo umelala. Ukiamka hautaamka upande ule ule.”

Huko Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, tulitembea kati ya magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, ambayo mwanzo wake husemwa kuwa karne ya 13. Hapo mvua ya kwanza ilitukuta. Ilinyesha dakika kumi, ikakoma, jua likarudi na mvuke ukapanda kutoka katika mawe. Tuliingia mjini, tukaona nyumba za wakati Wajerumani walipokuwa na makao yao makuu hapo, kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Mvua ya pili ilitukuta sokoni, nayo ilitoka baharini. Tuliiona ikija juu ya maji kama pazia la kijivu, na wavuvi wakaanza kukimbia kabla hatujasikia tone. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeona jua, mvua, jua tena, mvua tena.

Tuliposhika barabara ya Msata na kufika katika bonde la Ruvu, tulistaajabu. Bagamoyo mvua ilikuwa haba, lakini mto ulikuwa umejaa maji mekundu yaliyofunika mashina ya matete. Kijana mmoja aliuliza maji hayo yametoka wapi. Jibu lake linafaa kuandikwa katika daftari la kila msafiri. Mto Ruvu huanza katika milima ya Uluguru, upande wa Morogoro. Wami nao hukusanya maji ya milima ya Nguru na Ukaguru na ya nyanda zilizo chini yake. Mvua ikinyesha huko bara leo, maji yake hutufikia pwani baadaye, pengine siku tusiyoona hata wingu moja. Kwa hiyo anga safi si dalili ya mto mtulivu. Na tusisahau kwamba Ruvu hiyo hiyo ndiyo itunyweshayo: mtambo wa Ruvu Chini umejengwa uweze kutoa lita milioni 270 za maji kwa siku kwa ajili ya Bagamoyo na Dar es Salaam.

Mbele ya hapo tuliiacha lami tukaelekea kaskazini. Hapa ndipo ilipo shida kubwa ya njia ya Saadani. Ardhi ya sehemu nyingi za huko ni udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa ukavu hupasuka nyufa pana. Ukipata maji huvimba, nyufa hujifunga, na uso wake huteleza kama sabuni. Gurudumu likizama humo, kadiri linavyozunguka ndivyo linavyojichimbia kaburi.

Tulisimama katika kijiji kimoja kununua madafu. Mzee mmoja alikuwa barazani akishona wavu. Dereva alimwendea kwa adabu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?”

“Twatoka Madale, Dar es Salaam. Twaenda Saadani kutazama wanyama. Je, tutafika leo?”

Mzee aliuweka wavu chini, akatazama upande wa bara, ambako mawingu yalikuwa yameanza kupandana. Akasema, “Kufika mtafika. Mimi ningeuliza habari za kurudi.” Akatueleza kwamba lori la vifaa vya ujenzi lilikuwa limekwama mbele tangu jana, na kwamba mvua ikinyesha usiku halitatoka mpaka jua lipige sana.

Ndani ya motokaa palitokea mabishano, wala siwalaumu waliobisha. Tulikuwa tumekwisha kulipa fedha za malazi ya usiku ule, na fedha ya karani haiokotwi barabarani. Wengine walisema mzee anatutisha bure. Dereva alisema neno moja tu: kwamba amri ni yetu, lakini katika motokaa mlikuwa na watoto wanne. Tulipiga kura. Baadhi walitaka kuendelea. Waliobaki, wenye haki ya kura, walitaka kurudi, nao wakashinda. Tukarudi Bagamoyo kulala, na fedha za malazi ya Saadani zikapotea.

Usiku ule mvua ilinyesha tangu saa nne mpaka alfajiri. Asubuhi tulingoja. Njia ilipokauka kidogo, na lori lilipovutwa pembeni, tulipita polepole, tukafika Saadani saa nane mchana. Siku mbili za safari zikawa saa chache tu za kutazama.

Nawaambieni tuliyoyaona, ili mjue ni kitu gani tunachokigombea. Saadani ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ukubwa wake ni kilometa za mraba zipatazo 1,100. Katika hifadhi za bara ya Tanzania, hiyo ndiyo ambayo mbuga na wanyama wake wakubwa hufika mpaka mchanga wa bahari. Kijiji cha Saadani chenyewe ni cha kale. Hapo ndipo Bwana Heri alipowapinga Wajerumani mpaka mwaka 1890. Sehemu ya kaskazini, huko Mkwaja, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe kwa karibu miaka 50. Mbung'o walikuwa adui yake wa kila siku, na mwaka 2000 ilifungwa; leo malisho yale ni ya kongoni na nyati. Pwani ya Madete nako kasa hupanda kutaga mayai yao mchangani.

Sisi tuliona twiga sita wakivuka njia bila haraka, kongoni, ngiri, na kuro wakisimama majini hata magoti. Kutoka ukingo wa Wami tulitazama viboko, migongo yao ikionekana na kupotea katika maji ya tope, na furukombe akilia juu ya mti mkavu. Tulitaka kuingia mtoni kwa mashua, lakini mwenye mashua alikataa, maana mto ulikuwa ukiteremsha magogo. Alifanya vema.

Ndovu hatukuwaona. Askari wa hifadhi alitueleza sababu. Wakati wa ukavu maji hupungua porini, na wanyama hulazimika kuja mtoni na kwenye mabwawa machache yaliyosalia. Majani nayo huwa mafupi, na jicho hufika mbali. Mvua ikianza, maji huwa kila mahali. Mnyama hana haja tena ya kuja ulipo wewe. Hutawanyika, na majani yakirefuka humficha. Basi msafiri wa masika hupoteza mara mbili: njia humkatalia, na hata ikimkubalia, wanyama hawamngoji.

Katika wasafiri tulikuwa na mwenzetu mmoja, karani wa masjala kwa miaka 34, aliyekuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu na kurudi kwao Songea. Mikononi mwake yalipita majalada mengi ya leseni za uwindaji na ya nyara zilizokamatwa. Uzito wa pembe aliuandika mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Ndovu aliye hai hakupata kumwona. Karibu na ufuko tulikuta nyayo za ndovu wa jana yake, kila unyayo umejaa maji ya mvua. Alisimama kando yake, akaomba apigwe picha hapo. Hakunung'unika. Mwezi wa Juni alikwenda zake Songea, na safari ya chama ya mwaka huo ilikuwa ya mwisho kwake. Mabwana, kama tungalikwenda mwezi wa Agosti, siwezi kuapa kwamba angalimwona ndovu. Lakini angalipewa siku mbili kamili za kumtafuta, tena katika majira ambayo ndovu hufuata maji. Tulikuwa na deni kwake, na hatukulilipa.

Sasa wako watakaosema: “Majira ya siku hizi hayaaminiki, masika huchelewa, vuli huzidi, kwa hiyo siku zote ni sawa.” Ni kweli kwamba hali ya hewa inageuka. Vuli ya mwaka 2023 ilikuwa ya mvua nyingi mno kwa sababu ya joto la bahari liitwalo El Niño. Tarehe 20 Desemba 2011, mvua ya Dar es Salaam ilifurika katika mabonde, ikaua watu wapatao 40. Na miezi miwili baada ya safari yetu, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia. Mafuriko ya siku zile yakaikata barabara ya Lindi huko Somanga, wilaya ya Kilwa, na abiria wengi wakakwama.

Lakini tazameni tarehe hizo vizuri. Kimbunga ni kitu adimu kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu za kutosha kuupindisha upepo uwe tufani. Vile vichache vinavyokumbukwa vimekuja lini? Tufani iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuidhuru Bagamoyo ilikuja Aprili 1872. Iliyopiga Lindi ilikuja Aprili 1952. Hidaya ilikuja Mei. Zote zilikuja katika masika, au mwisho wake. Mambo yamegeuka, naam, lakini hayajageuka hata Agosti ikawa sawa na Aprili. Majira hayatupi hakika. Hutupa dalili iliyo bora, na mwenye busara hufuata dalili iliyo bora.

Wala jambo hili si la wasafiri tu. Sisi wa Madale tunaishi nalo. Baadhi ya watu waliofukuzwa na mafuriko ya mwaka 2011 mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, jirani zetu hapa. Ni majirani waliojifunza kwa hasara kwamba maji husahau njia yao kwa muda tu. Leo Madale inajaa nyumba, na viwanja hununuliwa wakati wa kiangazi, bonde linapokuwa kavu na mnunuzi haoni ila majani. Anayetaka kununua na auone mwezi wa Aprili, tena baada ya mvua ya usiku. Swali la mzee wa wavu linafaa hapa pia.

Baada ya kusema hayo, naleta mashauri matano.

Kwanza, safari kubwa ya chama ifanywe kati ya Julai na Septemba. Tunazo sikukuu za Sabasaba, tarehe 7 Julai, na Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Siku mbili zitakazopungua ziombwe katika likizo zetu mapema, kwa barua, ili wakuu wa ofisi wapate nafasi ya kupanga kazi.

Pili, michango ianze kupokelewa sasa, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na sehemu yake iwekwe kando kuwa akiba ya siku ya kukwama. Hapo hakuna atakayesukumwa kuingia topeni kwa kuogopa kupoteza fedha za malazi.

Tatu, kabla ya kuondoka, katibu apate taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha apige simu kwa watu wa njiani na wa lango la hifadhi. Taarifa hueleza mbingu. Mwenyeji hueleza njia. Zote mbili zinatakiwa. Tena asiulize habari za pwani tu. Aulize na mvua ya Morogoro.

Nne, wanachama waliobakiza mwaka mmoja au chini ya hapo kabla ya kustaafu wapewe viti vya kwanza. Vijana tunayo miaka mingine, wao hawana.

Tano, wakati wa Pasaka tusikae bure. Tunalo Pori la Pande karibu nasi, pori la akiba lenye kilometa za mraba zipatazo 12, msitu wa pwani uliosalia kando ya mji unaokua. Waliotaka siku nne za Pasaka na waende huko asubuhi moja pamoja na watoto, kwa ruhusa ya wahusika, mvua ikikatika. Wataona miti, ndege na tumbili, na jioni watalala nyumbani kwao. Haitadai nauli kubwa, na mvua ikirudi, nyumba i karibu.

Bwana Mwenyekiti, najua kwamba shauri la Pasaka lina wapenzi wengi katika chumba hiki, na sababu yao ni ya haki: siku za mapumziko ni chache na kazi ni nyingi. Lakini siku nne zilizotumika kungojea njia ikauke si siku nne za mapumziko. Naomba kura ipigwe juu ya shauri la kwanza na la nne leo hii, na mengine yapelekwe kwa halmashauri.